Bei ya Ng'ombe wa Jirani

Katika miaka yote niliyokaa Isiolo, ni mtu mmoja tu aliyewahi kutamka mbele yangu bei aliyouzia ng'ombe wake mwenyewe. Nitamfikia. Wengine wote walininyima. Lakini bei ya ng'ombe wa jirani, hiyo walinifuata hadi nyumbani mtaa wa Wabera kuniambia, tena kabla sijawakaribisha chai.

Nalitanguliza hili kwa sababu ndiyo siri yote ya karatasi yangu, na nimechoka kuulizwa nilisomea wapi mambo ya fedha. Sikusomea popote. Babu yangu, Msomali, aliletwa na Mwingereza kama askari, bunduki ikachukuliwa, yeye akaachwa hapa. Baba akawa na malori mawili ya kupeleka unga na sukari kaskazini na kurudi na ngozi. Mimi nilimaliza kidato cha nne, nikapata cheti cha kupiga taipureta, nikawekwa kwenye meza nyuma ya magunia ili niandike barua za biashara. Barua zenyewe hazikuzidi nne kwa mwezi. Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea mwisho, nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, na nilikuwa na muda mwingi wa kukasirika.

Kilichonikasirisha zaidi ni soko la mifugo. Pale bei haikutamkwa. Mnunuzi na muuzaji walishikana mikono, mmoja akatupa shuka juu ya mikono hiyo, wakaanza kubanana vidole: kidole kizima kiasi hiki, nusu kidole kiasi kile. Huku juu nyuso zimetulia, mmoja anatazama mawingu, mwingine anauliza habari za mvua. Ukisimama hatua mbili kutoka kwao huambulii kitu. Wenyewe waliita hiyo heshima, kwamba mali ya mtu haitangazwi, na sikatai kwamba ilikuwa heshima kwa waliojua bei. Mtu aliyeswaga maksai wake siku tatu kutoka mbali alifika hajui lolote, akauliza vidole vya mnunuzi, na vidole vya mnunuzi vikamjibu vilivyotaka.

Basi nikaanza karatasi. Fulskepu moja, mbele na nyuma, kila Ijumaa. Mbele niliandika bei za wiki: maksai, mtamba, mbuzi, ngamia akiwapo, ngozi kavu na ngozi mbichi. Nyuma niliandika fikra zangu. Kwa nini karantini ikiwekwa kwa ng'ombe mbuzi wanapanda. Kwa nini ngozi yenye alama ya chuma ubavuni inakataliwa, na bora umchome mnyama shavuni. Kwa nini mkopo wa benki unaonekana mtamu ofisini na mchungu kiangazi. Mwalimu mkuu mmoja alinikubalia kutumia mashine ya kunakili ya shule, ile ya kuzungusha kwa mkono, mradi ninunue wino na stensili zangu na nisimtaje. Nilitoa nakala arobaini. Moja ilibandikwa mlangoni kwa mama mwenye hoteli karibu na soko, nyingine kwenye kinu cha unga, na zilizobaki zilipanda malori ya baba kwenda Garba Tula, Kinna, Merti, popote dereva alipokunywa chai.

Sikuwa mtu wa mtu. Mfanyabiashara alinitumia kilo tano za sukari ili niandike kwamba yeye ndiye mnunuzi mwaminifu. Nilirudisha sukari. Mama alininunia siku mbili.

Bei nilizipataje? Kama nilivyosema, kwa kuuliza ya jirani. Ukimwuliza mtu, "Umeuza ngapi?" anakwambia, "Alhamdulillahi." Ukimwuliza, "Na yule aliyesimama kando yako?" hapo anafunguka. "Yule? Ametupa ng'ombe! Maksai mzima, anatoa kwa bei ya mtamba." Kila mtu alimshusha mwenzake. Ilinichukua miezi kadhaa kugundua kwamba walishusha kwa kipimo karibu kilekile, kana kwamba walikaa kikao wakakubaliana. Nikazoea kuongeza. Kwa kila shilingi tano nilizotajiwa niliongeza moja, nikaiita nyongeza ya dharau. Nilipolinganisha na kilichosemwa na madereva waliobeba wanyama hao hadi machinjioni, nilikuta sikosei sana.

Ilienda hivyo miaka mitano. Ukame ukaja na kuondoka, bei zikaanguka hata sikutaka kuziandika, nikaziandika. Kisha akaletwa afisa mpya kwenye ofisi za wilaya, kijana wa kutoka mikoa ya kusini, amenyoosha suruali mpaka unaogopa kumgusa. Akaiona karatasi kwenye mlango wa hoteli, akaing'oa, akaniita.

"Hii ni nini?" akaniuliza.

"Bei, bwana afisa."

"Nani amekupa ruhusa ya kuchapa?"

Nikamwambia hakuna aliyewahi kuuliza. Akafungua faili. Kumbe kulikuwa na kamati ya wilaya ya mambo hayo, na kibali kingetolewa tu kwa chapisho linalojulikana na lenye ushawishi. Chapisho lisilojulikana ni uchafu wa mitaani, akasema, na uchafu unafagiliwa.

"Linajulikana," nikasema.

"Nani mwingine ameandika juu yake?"

"Nani mwingine anaandika Isiolo, bwana afisa? Ni mimi peke yangu."

Hakucheka. Akanieleza pole pole, kama anavyoelezwa mtoto mzito wa kuelewa: nikisema mwenyewe ninajulikana, hilo halihesabiki. Ndugu yangu akisema, halihesabiki. Anayefaidika na karatasi akisema, halihesabiki. Alitaka barua, au watu wasimame mbele ya kamati, watu wasio wa nyumbani kwangu, waseme karatasi hii iliwahi kubadilisha uamuzi wao. Kamati ilikuwa inakaa baada ya siku kumi na mbili. Nisipoleta mtu, karatasi inafungwa, na mashine ya mwalimu mkuu, ambayo kumbe aliijua, inaangaliwa vizuri.

Nilitoka pale na hasira, lakini sikuwa na wasiwasi. Nilijua wasomaji wangu. Nilikuwa nimewaona.

Nilianza na mfanyabiashara mkubwa wa ng'ombe, yuleyule wa sukari. Tulikuwa wa ukoo mmoja kwa mbali sana, mbali kiasi cha kutohesabika, na nilimwita adeer kama tunavyowaita wakubwa wa upande wa baba, nao huturudishia neno lilelile. Nilimkuta barazani kwake. Chini ya gilasi yake ya chai palikuwa na karatasi yangu ya wiki ile, imelowa duara.

"Adeer, nataka uniandikie barua moja tu. Useme unaisoma."

"Mimi hapana soma hii."

"Iko chini ya gilasi yako."

"Ndiyo, iko chini ya gilasi." Akainua gilasi, akanywa, akairudisha palepale. "Skiza, adeer. Mimi nanunua ng'ombe na macho. Macho na hii mikono. Kama nitaandika kwa serikali ati msichana ndiye ananiambia bei, kesho nikiweka mkono ndani ya shuka, mtu atacheka. Hiyo umesikia?"

Nilisikia. Nikaenda kwa mama mwenye hoteli, Mmeru, mtu mwema ambaye alikuwa akiisoma karatasi kwa sauti kila Ijumaa mbele ya wateja wasiojua kusoma. Yeye alikubali kabla sijamaliza kusema. Nilipompelekea afisa jina lake, akalikata kwa kalamu nyekundu: anauza chai kwa wanaokuja kusoma, kwa hiyo anafaidika. Mwalimu mkuu akaniambia yuko na watoto sita na asingependa uhamisho. Nikaenda sokoni kwenyewe, nikamshika mchunga ng'ombe mmoja wa kutoka upande wa Burat aliyekuwa ametaja, kwa kinywa chake na mbele yangu, bei ya maksai ya wiki ile niliyoiandika mimi, hadi senti.

"Hiyo bei ulijua wapi?" nikamwuliza.

"Inajulikana tu."

"Nani alikwambia?"

"Watu."

"Watu walijua wapi?"

Akaniangalia kwa huruma. "Dada, habari ni habari. Mtu hawezi uliza maji imetoka kwa wingu gani."

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu. Wasafiri wawili wakikutana njiani, hupeana habari za mvua, za malisho, za wanyama na za bei, na aliyepewa huondoka nazo zikiwa zake. Hakuna anayesema nilisikia kwa fulani. Nilikuwa nimesifu desturi hiyo miaka mingi kwa sababu ilisambaza nakala zangu arobaini katika wilaya nzima bila nauli. Sasa niliichukia. Kila mtu alikuwa amekula kwangu na hakuna aliyekumbuka sahani.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na mimi siku zile nilijitembeza mpaka soli ya kiatu ikafunguka. Baba akaniambia niache, karatasi haijawahi kutuletea hata senti. Nilimjibu vibaya, jambo ambalo sikuwahi kufanya.

Katikati ya kujitembeza huko Ijumaa ikafika. Nilikuwa na daftari lenye bei nilizookota sokoni kati ya barua moja na nyingine. Nilikaa kwenye taipureta mchana, jasho linadondokea stensili, kichwani nagombana na afisa, nikapiga bei kama zilivyokuwa kwenye daftari. Nikazungusha mashine. Malori yakaondoka.

Jumatatu nilifungua daftari kutafuta kitu kingine, nikaona. Sikuwa nimeongeza nyongeza ya dharau. Karatasi ya wiki ile ilikuwa masengenyo matupu, kila jirani amemshusha jirani yake, na mimi nimeyapiga chapa na kuyasambaza hadi Merti. Nikajiambia nitasahihisha Ijumaa inayofuata. Nikajiambia pia kwamba kama kweli hakuna anayeisoma, kama wanavyoapa wote, basi hakuna aliyeumia. Nililishikilia hilo kwa nguvu zote. Yaani mimi, niliyekuwa nazunguka mji kutafuta mtu aliyeathiriwa na karatasi yangu, sasa nilikuwa namwomba Mungu asiwepo.

Kamati ilikuwa Jumatano. Asubuhi ya siku hiyo lori la baba liliingia kutoka Kinna, na juu ya magunia akashuka mzee mmoja Mborana, mwembamba, kilemba safi, viatu amevishika mkononi ili visichafuke. Alikuwa na shamba kando ya mfereji kule Rapsu, karibu na Kinna, mahindi na ndizi kidogo, na ng'ombe wachache. Tulisalimiana, akaulizia amani ya nyumba, ya wazazi, ya malori, nami nikaulizia yake, ndipo akasema lililomleta, akiniita intala, yaani binti kwa Kiborana.

"Dereva amesema intala wa karatasi anatafuta watu. Mimi nimekuja."

"Mzee anaijua karatasi?"

"Eeh! Binti yangu yuko darasa la sita. Yeye ndiye anasoma, mimi naskiza." Akakaa kwenye gunia, akaanza kunieleza kwa furaha. Jumamosi mnunuzi alifika na lori kijijini. Mzee alikuwa na maksai wawili wa kuuza, maana binti akimaliza shule ya msingi anamtaka aende sekondari ya bweni, na alitaka kuanza kuweka akiba mapema. "Mimi nilitaka kuitisha bei kubwa sana. Yule mtu akanionyesha karatasi. Nikasema, ngoja, hiyo sisi pia tuko nayo. Binti akaleta yetu, akasoma. Ikawa bei ni ile ile! Basi nikauza. Bila kelele, bila shuka. Kama si karatasi ningeaibika mbele ya watu."

Nilimtazama yule mzee. Nilikuwa nimepata shahidi wangu.

Ningeweza kumwambia pale pale. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikumwambia, na jibu ni jepesi, halina mapambo: nilikitaka kile kibali. Nilimpa chai na mandazi, nikaenda kuvaa nguo nzuri.

Kamati ilikuwa ya watu wanne nyuma ya meza ndefu. Afisa alikuwa na faili. Na mwisho wa meza, kama mjumbe wa wafanyabiashara, alikaa adeer wa gilasi ya chai. Mzee wa Rapsu akavaa viatu vyake mlangoni, akaingia, akasema yote aliyoniambia. Afisa akamwuliza kama ana undugu na mimi. Hana. Kama nimempa kitu. Chai.

"Na uliuza bei gani?" afisa akauliza.

Mzee akaitaja. Kwa sauti, katikati ya chumba, bila aibu, kwa sababu ilikuwa imeandikwa na kitu kilichoandikwa si siri tena. Sikuwahi kusikia mtu akifanya hivyo, wala sikusikia tena baadaye. Nilimtupia adeer jicho. Alikuwa anajua bei halisi ya maksai kuliko mtu yeyote ndani ya wilaya ile. Aliinamisha macho kwenye meza, akaanza kuondoa vumbi ambalo halikuwepo. Mimi nikatazama dirisha. Tulikuwa wawili tuliojua, na sote wawili tulinyamaza, kila mmoja kwa faida yake.

Walipitisha bila kupiga kura. Afisa mwenyewe alifurahi, alisema huu ndio ushahidi aliokuwa akiutaka, mtu wa kawaida, wa mbali, asiye na faida yoyote. Akaandika kwamba chapisho linajulikana, lina ushawishi, na habari zake zimethibitishwa kuwa za kweli. Sharti lilikuwa moja: kila toleo lipite kwake kabla ya kuchapwa.

Nje, chini ya jua, roho ilinisuta. Nikamshika mzee mkono.

"Mzee, nisamehe. Ile bei haikuwa sawa. Nilikosea. Wale maksai wako walikuwa wa bei kubwa zaidi, ile uliyotaka kuitisha."

Akacheka. Alidhani nina adabu kupita kiasi. "Hapana, intala. Karatasi ilisema."

"Karatasi ni mimi, mzee. Mimi ndiye ninaandika."

"Wewe unaandika, ndiyo. Lakini sasa unasema na mdomo tu." Alinipigapiga begani kama mtu anayembembeleza mgonjwa. "Na hawa wakubwa ndani wamesema ni ya kweli. Wewe umechoka. Kama kuna makosa, andika. Ikiandikwa, nitaamini."

Nikamwapia nitaandika. Alhamisi nilipiga sahihisho refu, nikaliweka juu kabisa, mbele ya bei zote: kwamba toleo lililopita lilikuwa na bei za chini zisizo sahihi, kosa ni la mwandishi, na kila aliyeuza kwa bei zile ameuza kwa hasara. Nikampelekea afisa. Alisoma mara mbili, akachukua kalamu nyekundu.

"Unataka kusema kamati ilidanganywa?"

"Nataka kusema nilikosea, bwana afisa."

"Toleo hilohilo ndilo lililokupa kibali. Tumeandika ni la kweli, limetiwa mhuri. Ukisema si la kweli, mimi nimetoa kibali kwa uongo, na wewe umemleta shahidi wa uongo." Akaifuta mistari yote, mmoja mmoja, kwa rula. "Andika bei za wiki hii. Basi."

Nilibishana naye mpaka karani wa chumba cha pili akachungulia. Nikasema nitaliandika kwa mkono, nitabandika. Akasema mashine ya shule ataifuata siku hiyohiyo, na mwalimu mkuu pia. Nikatoka. Nilirudi kwenye taipureta, nikapiga bei za wiki hiyo, safari hii na nyongeza yake, sahihi kabisa, nikazungusha nakala arobaini. Nilijichukia na niliuchukia mji mzima.

Jumatatu dereva akarudi kutoka Kinna na mkungu wa ndizi, zawadi yangu kutoka kwa mzee wa Rapsu, pamoja na ujumbe ambao aliusema wima, mikono nyuma, jinsi alivyotumwa. Mzee anasalimia. Binti yake amemsomea karatasi mbele na nyuma, mara mbili, na hakuna kosa lililoandikwa, kwa hiyo nisijisumbue roho tena. Ila ameona bei ya maksai imepanda sana wiki hii. Kumbe ni yeye aliyeuza kwa pupa, na anasema kosa ni lake.